Mahindi ya Kianjokoma na Hesabu ya Sadfa

Katika miteremko ya Mlima Kenya iliyoelekea kusini-mashariki, mahali ambapo mashamba ya chai yanapakana na msitu na mibuni hushuka kwa safu kuelekea mji wa Embu, ni shida kumpata mkulima wa Kianjokoma, awe na eka nyingi za majani chai au kipande kidogo tu nyuma ya nyumba, asiyepanda mahindi. Kwani chai na kahawa huleta fedha kwa majira yake, bali mahindi na maharagwe ndiyo yanayotiwa chunguni kila jioni. Kwa hiyo haikuwa habari ndogo, mwezi wa Septemba mwaka 2011, iliposikika kwamba huko Bomet, upande wa Bonde la Ufa, umezuka ugonjwa ambao wazee hawakuwa na kumbukumbu ya mfano wake: majani huanza kuingia manjano kutoka ukingoni kwenda katikati, moyo wa mmea hufa ungali mchanga, na gunzi, likibahatika kutokea, hutoka tupu au na punje chache zilizosinyaa. Haikuchukua muda mrefu balaa hilo likavuka nchi na kufika katika mashamba ya Embu na Meru na jirani zake, na mkulima aliyepalilia kwa jasho na kutia mbolea kwa mkopo akawa hana jibu la swali lake la kwanza, yaani, ni nini kinachoua mahindi yangu.

Jibu halikuweza kutoka machoni. Mahindi huingia manjano kwa sababu nyingi, kwa ukame, kwa udongo uliochoka, kwa mbolea iliyopungua, na kirusi hakionekani hata kwa darubini ya kawaida. Wataalamu wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, iliyoitwa KARI wakati ule na ambayo leo ni KALRO, pamoja na wenzao wa nje, walichukua majani yaliyougua, wakatoa ndani yake chembe za urithi, wakazisoma herufi kwa herufi. Mwaka 2012 walitangaza kuwa wauaji ni wawili walioshirikiana: kirusi kiitwacho kwa kifupi MCMV, ambacho kilitambuliwa kwanza huko Peru katika miaka ya 1970 na hakikuwa kimepata kuripotiwa Kenya, na kirusi cha SCMV, cha ukoo unaoshambulia miwa na mahindi, ambacho kilikuwa mwenyeji wa zamani nchini. Kila kimoja peke yake huudhoofisha mmea. Vikikutana huuangamiza, na ugonjwa wa mkutano wao ndio ulioingia katika vinywa vya maofisa wa kilimo na wakulima kwa herufi tatu, MLN.

MCMV ni kiumbe kidogo mno: maagizo yake yote yameandikwa kwa herufi zipatazo 4,400, za aina nne tu, ambazo wanasayansi huzitaja kwa A, C, G na U. Herufi zilizosomwa katika majani ya Kenya zililinganishwa na zile zilizowekwa katika hazina za dunia, zikaonekana kufanana na za MCMV ya nchi nyingine kwa zaidi ya 95 kwa mia. Na mwaka 2013 wataalamu waliosoma jenomu nzima, yaani maagizo hayo yote, kutoka katika sampuli za Kenya wakaeleza kuwa jamaa wa karibu kupita wote katika hazina hizo ni kirusi kilichopatikana Yunnan, nchini China. Msomaji akiyapitia maneno haya upesi ataona shauri limekwisha. Mimi naona ndipo linapoanza. Hoja ninayotaka kuitetea hapa ni kwamba kufanana, hata kukiwa kwingi, si ushahidi wa nasaba mpaka kwanza tumeuliza sadfa peke yake ingaliweza kuleta kufanana kwa kiasi gani. Na kwamba hata sadfa ikishaondolewa, jibu tulilolipata ni la swali moja tu, ilhali watu aghalabu hulichukua wakalijibia maswali mengine.

Tuanze na hesabu ambayo mtoto wa shule anaweza kuifanya. Ikiwa herufi ni nne, na tukazichukulia kuwa zinatokea kwa usawa, basi neno la herufi kumi lililoandikwa kwa upofu lina sura 1,048,576 linazoweza kuchukua, kwa kuwa ni nne kumi zilizozidishwa pamoja. Mtu akisikia milioni moja atadhani kwamba neno la namna hiyo, likionekana mahali pawili, limekwisha thibitisha udugu. Lakini jenomu ya mahindi, iliyochapishwa mwaka 2009, ina herufi zipatazo bilioni 2.3. Tafuta humo neno lolote la herufi kumi unalotaka, nawe utatarajia kulikuta mara 2,200 hivi, pasipo nasaba yoyote, kwa wingi wa herufi tu. Rudi tena na neno la herufi ishirini, na mambo yanageuka kabisa: sura zake zinapita trilioni moja, na matarajio ya kulikuta katika mahindi kwa sadfa yanashuka hadi mawili katika elfu. Tofauti ya neno lisilo na maana na neno lenye uzito wa ushahidi ni herufi kumi tu. Na jambo hilo, ambalo jicho halilioni wala fahamu ya kawaida hailikisii, ndilo lililowalazimisha wataalamu wa elimu ya uhai kwenda kubisha mlango wa wataalamu wa takwimu.

Watu wa Embu wanayo desturi inayoweza kutufahamisha jambo hili bila tarakimu. Mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na hivyo majina yaleyale hurudi kizazi baada ya kizazi, hata ukisimama siku ya gulio pale Kianjokoma na kuita "Njeru!" watageuka wengi. Wawili kati yao wakiambiwa kuwa ni ndugu kwa sababu ya jina hilo, watu watacheka. Lakini wakikutwa wageni wawili ambao jina la kila mmoja, na la baba yake, na la babu yake, na la ukoo wao yote yanalingana, na mojawapo ni jina la nadra ambalo halisikiki katika tarafa nzima, mzee yeyote atawakalisha chini awaulize zaidi. Hapo mna kanuni mbili ambazo hisabati ya urithi haikufanya ila kuzitia katika mizani: kwamba kulingana kwa jina la nadra kuna uzito kuliko kulingana kwa jina la kawaida, na kwamba kulingana kwingi kwa mfululizo hupita kulingana kumoja kumoja kulikotawanyika. Na mna ya tatu, ambayo husahauliwa zaidi: lazima tujue ni watu wangapi walioulizwa. Aliyemwuliza mtu mmoja tu njiani akakuta majina matatu yanalingana ana jambo la kushangaza; aliyewauliza watu wote wa kaunti, akarudi na mmoja ambaye majina yake matatu yanalingana na ya mwulizaji, hana la kushangaza hata kidogo.

Sasa turudi katika herufi. Mifuatano ya viumbe hailingani kwa ukamilifu, maana kila kizazi hunakili kwa makosa kidogo: herufi moja hubadilika kuwa nyingine, nyingine hudondoka, nyingine huingizwa. Mwenye kulinganisha hana budi kuiweka mifuatano miwili mmoja juu ya mwingine na kuacha nafasi hapa na pale ili sehemu zinazolingana zikutane. Hapo ndipo asilimia inapoanza kuhadaa. Mifuatano miwili ya herufi nne iliyotungwa kwa upofu hulingana robo nzima bila juhudi yoyote. Na mlinganishaji akiruhusiwa kuacha nafasi popote apendapo bila kutozwa, atapandisha kulingana huko hata kupita nusu, kutoka katika upuuzi mtupu. Kwa sababu hiyo Saul Needleman na Christian Wunsch mwaka 1970, na Temple Smith na Michael Waterman mwaka 1981, waliweka taratibu za kompyuta ambazo humpa kila mwenye kulinganisha alama kwa herufi iliyolingana na kumtoza faini kwa kila nafasi aliyoiacha, ili ulinganifu bora uwe ni ule wenye alama nyingi baada ya faini zote kutolewa.

Kwa upande wa protini, ambazo huandikwa kwa herufi ishirini za asidi amino, mizani ilikuwa na kazi kubwa zaidi, na hapa jina la kukumbukwa ni la Margaret Dayhoff wa Marekani, ambaye tangu mwaka 1965 alikusanya protini zilizojulikana katika kitabu, na baadaye, pamoja na wenzake, akahesabu ni asidi gani ambayo kwa desturi ya maumbile hupokezana nafasi na gani bila kumwua mwenye nayo. Steven na Jorja Henikoff wakaja mwaka 1992 na jedwali ambalo mpaka leo kompyuta nyingi hulitumia: humo, kulingana kwa asidi iitwayo triptofani, ambayo ni adimu, hupewa alama 11, na kulingana kwa lusini, iliyo ya kawaida mno, hupewa 4 tu. Msomaji ataona kwamba ni ile hukumu ya mzee wa Embu juu ya jina la nadra, ila sasa ina tarakimu.

Alama, hata hivyo, si hukumu. Alama 75 ni nyingi au ni chache? Njia ya kwanza iliyobuniwa ilikuwa ya busara na rahisi: chukua mfuatano mmoja, uvuruge herufi zake kama zilivyo kwa idadi, ulinganishe tena, uandike alama, fanya hivyo mara mia, au mara elfu, kisha tazama kama alama ya mfuatano halisi imezipita alama za mifuatano iliyovurugwa. Njia hiyo ingali nzuri, na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Embu anaweza kuifanya kwa kompyuta ya kawaida kabla chai yake haijapoa. Lakini ilikuwa na mtego ndani yake, nao ni kwamba wengi walizichukua alama hizo za uvurugaji wakazipima kwa ule mchoro wa kengele unaofundishwa madarasani, unaofaa kwa urefu wa watu na uzito wa magunia. Alama ya ulinganifu bora si wastani wa kitu. Ni kilele, ni kikubwa kuliko vyote kilichochaguliwa kati ya maelfu ya ulinganifu uliowezekana, na vilele vina sheria yao. Sheria hiyo ilichunguzwa sana na Emil Gumbel, Mjerumani ambaye katika miaka ya 1940 aliitumia kwa mafuriko makubwa ya mito. Nayo husema kwamba mambo makubwa ajabu hutokea kwa sadfa mara nyingi zaidi kuliko mchoro wa kengele unavyoahidi. Aliyepima kwa kengele alijiona ana ushahidi wa moja katika milioni ilhali kwa hakika alikuwa na wa moja katika elfu.

Mwaka 1990 Samuel Karlin wa Stanford na Stephen Altschul walilithibitisha jambo hili kwa hoja za hisabati kwa ulinganifu usio na nafasi, na mwaka huohuo ikatoka programu iitwayo BLAST, ambayo Altschul aliitunga pamoja na wenzake wanne, na ambayo huenda ndiyo chombo kilichotumiwa kuliko vyote katika elimu ya uhai ya zama zetu. Kanuni yake, ikivuliwa alama za kigeni, inasemeka hivi: zidisha urefu wa mfuatano wako kwa urefu wa hazina yote unayotafuta ndani yake, kisha, kwa kila biti moja, yaani kipimo sanifu cha alama uliyopata, gawanya kwa mbili. Kinachobaki ni idadi ya ulinganifu wa alama hiyo au zaidi ambao sadfa peke yake ingekuletea katika msako huo, nayo huandikwa kwa herufi E. Ikiwa E ni 10, usijisumbue. Ikiwa ni moja katika milioni, sadfa haina la kusema.

Thamani ya kanuni hii inaonekana mtu akiijaribu kwa hazina halisi. GenBank, hazina kuu ya Marekani, ilipohesabiwa Desemba 1982 ilikuwa na mifuatano 606 na herufi 680,338. Tuseme mtafiti wa wakati ule alikuwa na mfuatano wa herufi 1,000, akaupeleka humo, akapata ulinganifu wa biti 40: hesabu itampa E ya sita katika elfu kumi, naye ana haki ya kufurahi. Mwaka 2021 hazina hiyohiyo ilipita herufi trilioni moja. Mjukuu wa mtafiti yule akipata ulinganifu uleule, wa mfuatano uleule, kwa biti zilezile 40, kompyuta itamwambia kuwa aina hiyo ya ulinganifu ilitarajiwa kumjia kwa sadfa mara mia tisa hivi. Hakuna herufi iliyobadilika. Kilichobadilika ni wingi wa walioulizwa. Ili arudi katika yakini aliyokuwa nayo babu yake, anahitaji biti 60 hivi. Na mtu asije akasema kwamba huo ni ujanja wa hesabu. Ni haki yenyewe ya ushahidi, kwamba aliyetafuta mahali pengi zaidi anawiwa uthibitisho mzito zaidi.

Deni hilo huongezeka tena kwa idadi ya maswali. Siku hizi jani la mahindi likipelekwa katika mashine ya kusoma, halirudi na mfuatano mmoja bali na maelfu kwa maelfu ya vipande, vingi vikiwa vya mahindi yenyewe, vingine vya bakteria na ukungu wa shambani, na vichache vya kirusi. Tuseme vipande ni 50,000, na mtafiti amekubali kila ulinganifu wenye E ya moja katika elfu, ambayo kwa kipande kimoja inaonekana kuwa ni tahadhari ya kutosha: basi atarajie ulinganifu hamsini wa uongo katika orodha yake, na miongoni mwao huenda likawamo jina la ugonjwa wa kutisha ambao haujapata kukanyaga Kenya. Ofisa atakayepiga marufuku mbegu za wilaya nzima kwa sababu ya kipande kimoja cha namna hiyo atakuwa amewadhulumu watu kwa ajili ya sadfa iliyovaa kanzu ya sayansi.

Wapo waliotumia mizani hii kwa haki wakavuna matunda makubwa. Russell Doolittle wa San Diego, ambaye mwaka 1981 aliandika juu ya swali hilihili la kufanana kwa sadfa au kwa asili moja, alikuwa akijikusanyia protini katika hazina yake mwenyewe. Na mwaka 1983 yeye na wenzake wakaona kwamba jeni ya kansa iliyochukuliwa na kirusi cha nyani inafanana, kupita kiasi chote cha sadfa, na protini ya damu inayoamuru seli zikue na kufunga vidonda. Kwa ulinganifu mmoja ulioshinda mizani, watu walifahamu kuwa kansa yaweza kuwa ni amri halali ya ukuaji iliyotolewa mahali pasipo pake.

Na wapo waliotangaza kabla ya kupima. Mwishoni mwa Januari 2020, wakati dunia ilipokuwa imeanza kuingiwa na hofu, kundi la wanasayansi wa India liliweka hadharani andiko ambalo halijahakikiwa, likidai kwamba kirusi kipya cha korona kina vipande vinne vifupi vinavyofanana na kirusi cha UKIMWI kwa namna isiyoweza kuwa ya sadfa. Hesabu ya dakika moja ingetosha kuwazuia. Kipande cha herufi sita za protini kina sura milioni 64. Katika hazina ya herufi bilioni moja za protini, na hazina za leo zimeipita hiyo mbali, neno la namna hiyo linatarajiwa mara kumi na tano hivi bila sababu yoyote, na kweli wahakiki walipotafuta walivikuta vipande vya jinsi hiyo katika viumbe vingi visivyohusiana. Andiko liliondolewa na wenyewe baada ya siku chache. Lakini uvumi haukuondoka nalo. Mgonjwa wa kwanza wa Kenya alipotangazwa tarehe 13 Machi, maneno ya kirusi kilichoungwa kwa mikono yalikuwa yakizunguka katika simu za watu, na madhara ya neno lililosemwa bila mizani siku za tauni hayahesabiki. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa kosa lenyewe halikuwa la elimu ya juu iliyoshindikana. Lilikuwa la kuacha swali ambalo lingejibiwa kwa karatasi na kalamu.

Kuna mtego mwingine ambao hata mwenye kupima kwa uangalifu humnasa, nao ni dhana ya kuwa herufi hutokea kwa usawa. Kimelea cha malaria, ambacho jenomu yake ya herufi milioni 23 hivi ilichapishwa mwaka 2002, kimeandikwa kwa A na T, ambayo humo husimama mahali pa U, kiasi cha 80 kwa mia, na kimejaa mikariri ya herufi moja au mbili kwa mfululizo mrefu. Ulinganishe na kiumbe kingine chenye mazoea hayo, na alama zitapanda zenyewe bila undugu. Ndiyo sababu programu hufunika sehemu za mikariri kabla ya kuhesabu. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Kianjokoma wanaye adui wa jamaa hiyo, kimelea kinacholetwa na kupe na kuleta ndigana kali, ambacho jenomu yake ilisomwa kwa ushirikiano wa taasisi ya utafiti wa mifugo ya Nairobi, ILRI, na wataalamu wa Marekani, ikachapishwa mwaka 2005 ikiwa na jeni zipatazo 4,000. Kwa sehemu kubwa ya jeni hizo, tunachokijua juu ya kazi yake ni kwamba zinafanana na jeni fulani ya kiumbe kingine, ambayo pengine nayo ilipewa kazi yake kwa kufanana na ya tatu. Mnyororo wa namna hiyo wafaa utazamwe kiungo kwa kiungo, hasa na anayetaka kuchagua protini ya kutengenezea chanjo.

Sasa naweza kurudi Yunnan. Herufi 4,400 zilizolingana kwa zaidi ya 95 kwa mia huleta alama ya maelfu ya biti, na E yake ni ndogo hata kompyuta hukata tamaa ya kuiandika na kuweka sifuri. Swali la kwanza, kama kirusi cha Bomet na kile cha China vina asili moja, limekwisha bila shaka yoyote. Lakini swali la pili, kama ugonjwa ulitoka China kuja Kenya, halijaguswa hata kidogo na sifuri hiyo, kwa kuwa MCMV ya Marekani nayo, ikiulizwa, italeta sifuri ileile. Mizani ya sadfa hutenganisha ndugu na wasio ndugu. Haikuundwa kupanga nani kati ya ndugu ni wa tumbo moja na nani ni binamu. Kazi hiyo yataka matawi ya nasaba yachorwe, tofauti zihesabiwe moja moja, na juu ya yote hazina iwe na sampuli za kutosha kutoka kila nchi, maana jamaa wa karibu zaidi katika hazina ni jamaa wa karibu zaidi kati ya waliopimwa tu. Nchi ambayo haikupeleka sampuli haionekani katika mchoro, wala haisafishiki kwa kutoonekana. Tunachoweza kukisema kwa uthabiti zaidi ni cha karibu na nyumbani: virusi vya MCMV vilivyosomwa baadaye katika nchi za Afrika Mashariki vilifanana na vya Kenya kiasi cha 99 kwa mia, jambo linaloelekeza kuwa mgeni huyu aliingia mara moja au mara chache na kisha akaenea kwa haraka, pengine katika mbegu, pengine kwa wadudu wadogo wenye kuhama shamba hadi shamba.

Kujua jina la adui kuliwaletea wakulima ushauri ambao manjano ya majani hayakuweza kuwapa: kung'oa mimea iliyougua, kutopanda mahindi juu ya mahindi mwaka mzima bali kupisha msimu mmoja kwa maharagwe, viazi au mboga, na kununua mbegu iliyokaguliwa. Mwaka 2013 KARI na kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi, CIMMYT, walifungua huko Naivasha shamba la kujaribia mbegu dhidi ya MLN, na tangu hapo aina zinazostahimili zimekuwa zikitoka. Na herufi zilizosomwa zikatumika kutunga vipimo vya maabara, ambavyo hutafuta katika jani vipande viwili vifupi vya kirusi kwa kutumia vianzio vinavyoitwa praima, ambavyo aghalabu huwa na urefu wa herufi ishirini hivi. Msomaji sasa anaweza kueleza mwenyewe kwa nini si kumi. Praima ya herufi kumi ingeshika jenomu ya mahindi mahali elfu mbili na mia mbili, na kila jani, zima na gonjwa, lingerudi na jibu la ndiyo. Ya herufi ishirini haitarajiwi kushika mahali popote ndani ya mmea wenyewe, na kwa kuwa zinatakiwa mbili, zikielekeana na zikiwa karibu karibu, nafasi ya kudanganywa hupungua zaidi, ingawa praima huvumilia herufi moja au mbili zisizolingana na kwa hiyo mtungaji hana budi kuhesabu na hizo pia. Jani kutoka shamba la Kianjokoma likijibu ndiyo katika kipimo kama hicho, pamoja na jani zima lililowekwa kando kwa kulinganisha likajibu hapana, ofisa wa kilimo anaweza kumwambia mkulima ang'oe.